Maswali na Majibu: Kompaila Peke Yake, Bila Mzigo wa IDE

Barua za safari hii zinazunguka jambo moja. Mtu anataka kuandika programu za C au C++, lakini mashine yake ni ndogo, bando ni la kuhesabu, au hana ruhusa ya kusakinisha chochote. IDE, ile programu kubwa inayokuja na kihariri, kompaila na vitufe vya kila aina, haiingii. Haina ubaya, ila si ya lazima.

Vinavyohitajika ni vitu vinne, na tutavirudia humu kwa sababu karibu kila kosa mlilotuandikia linatokana na kimoja kukosekana. Kuna kompaila yenyewe, inayogeuza msimbo wenu kuwa lugha ya asembli. Kuna asembla, inayogeuza asembli kuwa maagizo ya mashine. Kuna linka, inayoshona vipande viwe programu moja. Cha nne ni heda (faili za `.h` zinazoitambulisha maktaba kwa kompaila) na maktaba ya C (kazi zilizokwisha kuandikwa, kama printf) ya mfumo mnaoutumia, na hicho ndicho husahaulika zaidi.

Asalaam aleikum. Nafundisha misingi ya C kwenye chumba chenye kompyuta 15 za Windows zenye RAM ya GB 4. Sina nywila ya msimamizi, na intaneti ni ya simu yangu. Visual Studio haiwezekani. Nifanyeje? – Mwalimu, Unguja

Waalaikum salaam, mwalimu. Kwa hali yako tunapendekeza w64devkit bila kusita. Ni folda moja yenye GCC (kompaila ya C na C++), asembla, linka, heda na maktaba za Windows, make ya kuendesha hatua za kukompaili, gdb ya kusaka hitilafu, na hata kihariri cha Vim. Haisakinishwi. Unaifungua tu mahali popote ikafanya kazi, na ukiifuta haiachi kitu kwenye rejista ya Windows. Kifurushi chake hakifiki MB 100, kwa hiyo utakipakua mara moja kwa simu na kukigawa kwa flashi. Usidhani kwamba Build Tools za Microsoft, zile zinazotolewa bila Visual Studio yenyewe, ni nyepesi kiasi hicho. Nazo ni GB kadhaa zikishakaa kwenye diski.

Kabla ya kupakua, jua mashine zako ni za biti ngapi. Fungua dirisha la amri uandike:

```
echo %PROCESSOR_ARCHITECTURE%
```

Ikijibu AMD64, chukua kifurushi cha x64. Neno hilo hutokea hata kwenye prosesa za Intel, lisikushtue. Ikijibu x86, chukua cha x86. Ukikosea ukapeleka cha x64 kwenye Windows ya biti 32, hakitafunguka kabisa.

Fungua kifurushi kwenye folda ambayo jina lake halina nafasi, mfano `D:\zana\w64devkit`. Tunasisitiza hilo la nafasi kwa sababu make hutenganisha majina ya faili kwa nafasi. Folda iitwayo "Kazi za Darasa" kwake ni vitu vitatu, na makosa yake hayaeleweki kwa mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Kisha karibu na folda hiyo andika faili ya `anza.bat` yenye mistari hii:

```
@echo off
set "PATH=%~dp0w64devkit\bin;%PATH%"
cd /d "%~dp0kazi"
cmd /k
```

Tengeneza pia folda ya `kazi` hapo hapo. Alama `%~dp0` maana yake ni "folda niliyomo mimi", kwa hiyo hata flashi ikisomeka E: kwenye mashine hii na G: kwenye ile, faili itafanya kazi. Mwanafunzi anabofya `anza.bat`, dirisha jeusi linafunguka, na gcc inapatikana humo tu. PATH ya kompyuta, yaani orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta programu, haiguswi. Usishawishike kutumia `setx` kuirekebisha moja kwa moja. Amri hiyo hukata maandishi yanapozidi herufi 1024, na tumeshaona PATH nzima ya mashine ikiharibika kwa njia hiyo.

Jaribu hivi:

```
gcc --version
gcc -Wall -Wextra -g -o salamu.exe salamu.c
salamu
```

Wazoeze `-Wall -Wextra` tangu siku ya kwanza. IDE nyingi huficha maonyo hayo kwenye kona, na mwanafunzi wa C anayahitaji kuliko kitu kingine chochote. Chaguo la `-g` huweka taarifa zitakazotumiwa na gdb baadaye.

Ukiweza, nakili folda nzima kwenye diski ya kila mashine badala ya kuikimbiza kutoka kwenye flashi. Kompaila husoma heda nyingi ndogondogo kila mara, na flashi ya bei nafuu ni nzito kwa kazi hiyo.

Sasa matatizo utakayokutana nayo darasani. La kwanza ni Notepad kuhifadhi `salamu.c.txt` huku Windows ikificha hiyo `.txt`. Gcc haijui faili za `.txt`, kwa hiyo huirushia linka, na linka hulalamika kwa `file format not recognized`. Washa maonyesho ya viambishi vya majina ya faili kwenye kila mashine, tatizo linakwisha. La pili ni msimbo ulionakiliwa kutoka WhatsApp au Word, wenye alama za nukuu zilizopinda. Ukiona `stray '\342' in program`, au ujumbe wa matoleo mapya unaotaja herufi isiyoruhusiwa, futa alama hizo uziandike upya kwa kibodi. La tatu ni `undefined reference to 'WinMain'`. Huwashangaza sana wanafunzi kwa sababu hawajaandika WinMain popote. Maana yake ni kwamba linka haikuona `main`: ama imeandikwa `mian`, ama faili haikuhifadhiwa kabla ya kukompaili ikabaki tupu.

Na wakibofya `salamu.exe` mara mbili dirisha likamulika na kutoweka, programu haijaharibika. Imemaliza kazi yake. Iendeshwe ndani ya dirisha la amri.

Nilitengeneza programu ya C++ kwa MSYS2 (mkusanyiko wa GCC na zana zake kwa Windows), kwangu inafanya kazi vizuri. Rafiki yangu akiifungua anaambiwa libstdc++-6.dll haipo. Nimpe faili hiyo tu? – Mwanafunzi, Dodoma

Ukimpa hiyo itaulizwa `libgcc_s_seh-1.dll`, ukimpa na hiyo itaulizwa `libwinpthread-1.dll`. Hizo ni DLL, yaani maktaba zinazokaa nje ya programu, za GCC ambazo kwako ziko kwenye PATH na kwake hazipo. Njia safi ni kuzifunga ndani ya programu:

```
g++ -O2 -static -o hesabu.exe hesabu.cpp
```

Faili itakua kubwa zaidi, lakini itatembea peke yake. Zingatia kwamba ni `g++`, si `gcc`. Gcc hukompaili faili ya `.cpp` sawasawa, ila inapofika kwenye kuunganisha haiongezi maktaba ya C++, ndipo unapata mlolongo wa `undefined reference to std::cout`.

Na kama Windows ya rafiki yako ni ya kabla ya Windows 10, usitumie kompaila ya UCRT ya MSYS2. UCRT ni maktaba ya C ambayo imo ndani ya Windows 10 na kuendelea. Kwenye zile za zamani lazima iongezwe kwa masasisho, na mashine nyingi za zamani hazijawahi kusasishwa.

Kompyuta yangu ina Debian na haina intaneti kabisa. Nilinakili faili za .deb za gcc kutoka kwenye mashine ya kazini. Ya kwanza ilikubali, ya libc6-dev inakataa. Na hiyo gcc niliyopata inasema stdio.h haipo! – Msomaji, Bukavu

Hayo ni matatizo mawili yenye mzizi mmoja, yaani kile kitu cha nne.

Kwenye Debian kifurushi cha `gcc` kinakuja na kompaila, na kinalazimisha `binutils` yenye asembla na linka. Lakini `libc6-dev`, yenye heda na vipande vya kuanzishia programu, kwake ni pendekezo tu, si sharti. Ndiyo maana anayesakinisha kwa `--no-install-recommends` ili kuokoa nafasi huishia na kompaila isiyoweza kukompaili hata salamu. Ishara ni mbili: `fatal error: stdio.h: No such file or directory`, au, kama msimbo hauna heda yoyote, linka kusema `cannot find Scrt1.o`. Taja vyote kwa majina:

```
apt-get install --no-install-recommends gcc libc6-dev make
```

Hicho ndicho kiwango cha chini kinachotosha kwa C. Kifurushi cha `build-essential` ambacho kila mtu hushauri huongeza g++ na zana za kutengenezea vifurushi vya Debian, ambazo wewe hutazihitaji.

Kukataa kwa `libc6-dev` kunatokana na sharti lake kali: inadai `libc6` ya toleo lile lile, hadi tarakimu ya mwisho. Mashine ya kazini imesasishwa, yako haijasasishwa. Zote ni Debian moja, lakini `libc6` zao zimeachana kidogo, na kidogo hicho kinatosha. Usilazimishe kwa `--force-depends`. `libc6` ndiyo inayobeba karibu kila programu kwenye mashine, na ukiivuruga hata `ls` inaweza kugoma.

Fanya hivi badala yake. Kwenye mashine yako isiyo na intaneti, iambie apt ikupe anwani za faili inazozihitaji yenyewe:

```
apt-get -qq --print-uris --no-install-recommends install gcc libc6-dev make | cut -d"'" -f2 > orodha.txt
```

Peleka `orodha.txt` saiba kwenye flashi. Kama kuna Linux, `wget -i orodha.txt` itapakua zote. Kama ni Windows, bandika anwani moja moja kwenye kivinjari. Rudi nazo kwenye folda moja, kisha:

```
sudo dpkg -i *.deb
```

Zipe zote kwa pamoja kama hapo. Ukizisakinisha moja moja kila moja italia kwamba mwenzake hayupo.

Kikwazo kimoja kinaweza kubaki. Ikiwa orodha za apt kwenye mashine yako ni za zamani, baadhi ya anwani zitajibu 404 kwa sababu Debian huondoa matoleo yaliyopitwa kwenye hifadhi yake kuu. Hapo pakua toleo jipya la kifurushi kilichokosekana, na kama ni `libc6-dev`, pakua pia `libc6`, `libc-bin` na `libc-dev-bin` za toleo hilo hilo ili zipande pamoja. Angalia pia kwamba ni usanifu mmoja: `dpkg --print-architecture` itakuambia amd64, i386 au arm64.

Ukimaliza, pitisha faili moja hatua kwa hatua. Tunapenda jaribio hili kwa sababu linaonyesha ni kitu gani hasa kinakosekana:

```
gcc -E salamu.c -o salamu.i
gcc -S salamu.i
gcc -c salamu.s
gcc salamu.o -o salamu
./salamu
```

Ikikwama mstari wa kwanza, heda hazipo. Wa pili, kompaila yenyewe ina kasoro. Wa tatu, asembla. Wa nne, linka au maktaba. Na ile `./` ya mwisho si pambo: Linux haitafuti programu kwenye folda uliyomo mpaka uiambie.

Sina kompyuta, nina simu ya Android tu. Nimeweka Termux (dirisha la amri la Android) na kompaila ya clang, nimekompaili bila kosa, lakini nikiendesha naambiwa Permission denied. Nimeweka chmod +x mara kumi. – Kijana, Mombasa

Hata ukiweka mara mia. Bila shaka uko kwenye folda ya Download. Hifadhi ya pamoja ya Android, ile inayoonekana na programu zote, hairuhusu faili kuendeshwa kutoka humo, na chmod, amri ya kutoa ruhusa ya kuendesha, haibadilishi kitu. Weka programu kwenye nyumba ya Termux:

```
termux-setup-storage
cp ~/storage/downloads/salamu.c ~/
cd
clang -Wall -o salamu salamu.c
./salamu
```

Amri ya kwanza ni ya mara moja tu, inaomba ruhusa ya kusoma faili za simu. Ukipenda kuacha msimbo kwenye Download ili uuhariri kwa programu nyingine, sawa, mradi matokeo yaende nyumbani kwa `-o ~/salamu`.

Wengine wenye simu watakutana na `CANNOT LINK EXECUTABLE "clang"` ikifuatiwa na jina la maktaba isiyopatikana. Hiyo ni clang mpya juu ya maktaba za zamani, na dawa yake ni `pkg upgrade` nzima, si kusakinisha clang tena. Tenga nafasi: clang na LLVM yake zikishafunguka hula mamia ya MB. Na usisumbuke kutafuta gcc humo. Termux hutumia clang, na hata ukiandika `gcc` ni clang itakayojibu. Kwa masomo ya C tofauti hutaiona.

Nimesikia kuna kompaila ya C isiyofika hata MB moja. Ni kweli au ni virusi? – Msomaji, Morogoro

Ni kweli. Inaitwa TCC, kazi ya Mfaransa Fabrice Bellard, ambaye pia ndiye aliyeanzisha FFmpeg na QEMU. Ilichipuka kutoka programu ndogo aliyoishindisha mwaka 2001 kwenye mashindano ya kimataifa ya msimbo wa C uliofumbwa. Toleo la 0.9.27, la Desemba 2017, kwa Windows ni faili ya zipu ya chini ya MB moja.

Udogo wake una sababu. Inasoma msimbo mara moja tu kutoka juu hadi chini na kutoa maagizo ya mashine papo hapo, ikiwa na asembla na linka ndani yake. Karibu haina uboreshaji wowote wa kasi. Kwa hiyo inakompaili haraka ajabu, lakini programu inayotoka huenda polepole kuliko ya GCC yenye `-O2`, chaguo la kuboresha kasi. Haijui C++ kabisa. Uzuri wake mkubwa ni huu:

```
tcc -run salamu.c
```

Inakompaili kwenye kumbukumbu na kuendesha hapo hapo, bila kuacha faili. Kwa mazoezi ya darasani na majaribio ya haraka hatujui kitu kinachoifikia.

Angalia tofauti moja ambayo wengi hawaijui. TCC ya Windows inakuja na heda zake na orodha za kazi za maktaba kuu za Windows, kwa hiyo imekamilika. Ya Linux hutegemea heda na maktaba za mfumo, hivyo bila `libc6-dev` itakwama kama gcc ilivyokwama kule Bukavu. Na kwenye Windows, ukihitaji DLL ambayo orodha yake haimo, `tcc -impdef jina.dll` itakutengenezea.

Kuhusu virusi: programu ndogo mpya zisizo na saini ya mtengenezaji, za TCC hata za GCC, huwatia shaka baadhi ya antivairasi. Usizime ulinzi wa mashine nzima kwa ajili hiyo. Pakua kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Wanapochapisha alama ya SHA256 (kitambulisho kinachokokotolewa kutoka kwenye faili), ilinganishe na jibu la amri hii:

```
certutil -hashfile faili.zip SHA256
```

Zikilingana, ruhusu folda yako ya kazi peke yake.

Kwa Mac ni lazima Xcode nzima? – Msomaji, Muscat

Hapana. Andika `xcode-select --install` kwenye terminali, ukubali, na utapata clang, make, git na heda za mfumo bila Xcode, ile IDE kubwa ya Apple. Baada ya kupandisha macOS toleo jipya, mara nyingine clang hugoma kwa ujumbe wa `invalid active developer path`. Rudia amri hiyo hiyo.

Programu niliyokompaili kwenye Ubuntu 22.04 haikubali kwenye seva ya kazini yenye 20.04, inadai GLIBC_2.34. Nikajaribu kukompaili ndani ya kontena ya Alpine, sasa seva inasema faili haipo, na mimi naiona ipo. – Msimamizi wa seva, Kigali

La kwanza kwanza. Ubuntu 22.04 ina glibc (maktaba ya C ya Linux nyingi) 2.35, na 20.04 ina 2.31. Programu huandikwa ndani yake toleo la kila kazi ya maktaba iliyoitumia, na toleo la 2.34 lilibadilisha hata kazi ile inayoanzisha `main`. Ndiyo maana hata programu ya mistari mitatu hugoma. Glibc mpya huendesha programu za zamani, lakini ya zamani haiendeshi mpya. Kompaili siku zote kwenye mfumo mkongwe kuliko yote utakaoupelekea programu. Kontena ya Ubuntu 20.04 yenye `gcc` na `libc6-dev` tu inatosha.

La pili ni ujumbe unaopotosha. Alpine, ile Linux ndogo, haitumii glibc bali musl, maktaba nyingine ya C. Ndani ya programu kuna jina la kipakiaji kinachopaswa kuianzisha, na unaweza kukiona:

```
readelf -l programu | grep interpreter
```

Itakuonyesha `/lib/ld-musl-x86_64.so.1`. Faili isiyopatikana ni hiyo, si programu yako. Ndani ya Alpine hiyo hiyo fanya hivi, shida itaisha:

```
apk add gcc musl-dev
gcc -O2 -static -o programu programu.c
```

Musl imetengenezwa ikubali kufungwa ndani ya programu. Kufunga glibc kwa `-static` pia kunawezekana, lakini programu zinazotafuta majina ya seva za mtandao huonywa wakati wa kuunganisha, na onyo hilo ni la kweli: bado zitahitaji maktaba za glibc ya toleo lile lile kwenye mashine zinapoendeshwa. Kwa programu ya mtandao chagua musl.

Nina Arduino Uno, na laptopu ya Linux yenye RAM ya GB 1. Arduino IDE inaigandisha. Naweza kufanya kwa amri tu? – Mwanafunzi, Eldoret

Unaweza, na utaijua bodi yako vizuri zaidi. Uno ina maikrokontrola ya ATmega328P: KB 32 za kuhifadhi programu na KB 2 za RAM. Laptopu yako haitaendesha msimbo huo, itautengeneza tu kwa ajili ya prosesa nyingine, kwa hiyo vile vitu vinne vinahitajika upya kwa ajili ya AVR, familia ya chipu hiyo, pamoja na avrdude ya kupeleka programu kwenye bodi:

```
sudo apt-get install --no-install-recommends gcc-avr binutils-avr avr-libc avrdude
```

`avr-libc` ndiyo cha nne hapa. Andika `taa.c`:

```
#include <avr/io.h>
#include <util/delay.h>

int main(void) {
    DDRB |= (1 << PB5);
    for (;;) {
        PORTB ^= (1 << PB5);
        _delay_ms(500);
    }
}
```

PB5 ni ile pini iliyoandikwa 13 kwenye bodi, yenye taa yake. Kisha:

```
avr-gcc -mmcu=atmega328p -DF_CPU=16000000UL -Os -Wall -o taa.elf taa.c
avr-objcopy -O ihex -R .eeprom taa.elf taa.hex
avrdude -c arduino -p m328p -P /dev/ttyACM0 -b 115200 -U flash:w:taa.hex:i
```

Kila chaguo hapo lina kazi. Ukisahau `-mmcu`, kompaila haijui ni chipu gani na majina kama DDRB hayatatambulika. Ukisahau `F_CPU`, utapewa onyo na `_delay_ms` itadhani saa ya chipu ni MHz 1 badala ya 16, hivyo taa itawaka na kuzima mara 16 haraka kuliko ulivyotaka. Ukiacha `-Os`, hesabu za ucheleweshaji hazitakuwa sahihi, kwa sababu zinategemea kompaila izipige yenyewe kabla ya programu kufika kwenye chipu.

Bandari nayo hubadilika. Uno halisi kwa kawaida huonekana kama `/dev/ttyACM0`, na zile za kuiga zenye chipu ya CH340 kama `/dev/ttyUSB0`. Chomeka waya, kisha angalia mistari ya mwisho ya `sudo dmesg`. Ukinyimwa ruhusa, jiongeze kwenye kundi la dialout:

```
sudo usermod -aG dialout $USER
```

Toka kwenye akaunti uingie tena, la sivyo ruhusa mpya haitasomwa. Avrdude ikirudia `not in sync`, kagua kwanza kama kuna programu nyingine inayoshikilia bandari, kisha bandari yenyewe, kisha kasi. Arduino Nano nyingi za zamani hutaka `-b 57600`. Kagua na waya: baadhi ya waya za USB zinazouzwa na chaja hupitisha umeme tu, na bodi itawaka taa zake zote bila laptopu kuiona.

Kujua nafasi iliyotumika, `avr-size taa.elf`. Jumlisha safu ya text na data upate kiasi kilichoingia kwenye zile KB 32, na data na bss upate RAM. KB 2 huisha upesi, hasa kwa maandishi ya ujumbe, kwa sababu kila sentensi ya kawaida kwenye nukuu hunakiliwa kwenye RAM programu inapoanza. Ili yabaki kwenye zile KB 32, yaandike kwa `PROGMEM` ya `avr/pgmspace.h`, uyasome kwa `pgm_read_byte`.